Nyuma ya Jiko Hapafagiliwi

Usiku wa kuamkia Jumamosi niliota. Nililala kwa ubavu wa kulia na dua nilisoma, kwa hiyo ndoto hii simsingizii shetani.

Kwanza mjue hali yangu. Nyumbani tunakula watu kumi na mmoja kwenye sufuria moja: mimi, binti yangu Mwanaidi, na wajukuu tisa. Mume wangu, Mzee Shekalaghe, Mungu amrehemu, alituacha mwaka juzi. Wiki iliyopita mdogo wake, shemeji Hoza, aliwakuta watoto wanakula ugali na kabichi ya sokoni. Akawatazama ngozi zilivyopauka, akasema, "Shemeji, Jumamosi nakuja. Hawa tuwagawe kwa ndugu. Peke yako huwezi."

Wiki hiyo hiyo bibi shamba alitukusanya ofisi ya kijiji, akatuambia tuwape watoto mboga hai, zisizopigwa dawa. Niliandika kwenye daftari: mboga hai. Nikapigia mstari. Nitazinunua kwa pesa gani, hapo sikuandika kitu.

Basi katika ndoto niko sokoni, jua la saa nne, kikapu mkononi. Kuna meza yenye kibao: MBOGA HAI. Muuzaji ni boga. Amevaa baraghashia.

"Huu mchicha ni hai kweli?" nauliza.

"Usalimie uone."

Nasema, "Hamjambo?"

"Hatujambo, bibi," mafungu yote yanajibu kwa pamoja, kama darasa la kwanza. "Shikamoo."

"Marahaba. Fungu bei gani?"

Boga anavua baraghashia, anaiweka kifuani. "Mama, aliye hai hauzwi. Biashara hiyo ilikatazwa zamani. Aliye hai anakaribishwa."

"Basi karibuni kwangu."

Mchicha ukatazamana. Fungu la mbele likakohoa kidogo. "Kwako tulishafika, bibi. Umetufukuza."

Nikataka kubisha, lakini soko halikuwepo tena. Tulikuwa ndani ya sufuria yangu kubwa, ile ya shughuli, tumekaa kwenye mabenchi, na mfuniko uko juu yetu kama mbingu. Hakuna aliyeshangaa, nami nikaona si adabu kushangaa peke yangu.

Kwenye kiti cha hakimu amekaa mwiko wangu, ule uliopasuka mpini.

"Unanijua?" akaniuliza.

"Nakujua. Wewe ni mwiko wa kusongea ugali."

"Na mwiko wa kukataza mambo, unaujua?"

"Huo nausikia tu, sijawahi kuuona."

"Ni mimi huyo huyo," akasema. "Kazi mbili, mshahara mmoja. Aingie mdai."

Mfuniko ukafunuka. Shemeji Hoza akashuka kwa ngazi, mkeka begani. Nyuma yake wakili wake, kabichi, amevaa nguo kumi na mbili na barakoa. Kabichi huyo alinuka dawa. Nzi akatua begani mwake, akafa. Kabichi akampangusa bila kukatisha mazungumzo.

Shemeji anatandika mkeka. Anawapanga wajukuu zangu mafungu mafungu, kama nyanya. Wanne huku, wanne kule. "Hili la Handeni," anasema, "hili la Korogwe." Amebaki Kidawa, wa miaka minne. Anambeba, anamweka juu ya fungu la Korogwe.

"Bibi," Kidawa ananiambia kutoka juu kule, "mimi ni nyongeza."

Hapo nikasimama.

"Kaa," akasema mwiko. "Wakili, sema."

"Mheshimiwa," kabichi akasema, "huyu mama aliambiwa awape watoto mboga walio hai. Hakuwapa. Ameishia kunipa mimi, na mimi najijua nilivyo. Watoto wagawanywe."

"Si kwamba sikutaka!" nikasema. "Sina uwezo. Walio hai nitawapata wapi?"

Mchicha wote ukainamisha vichwa, kama watu waliosikia jambo la aibu.

"Mleteni Ufagio," akasema mwiko.

Ufagio wangu wa chelewa ukaingia kwa hatua fupi fupi. Ulisimama umeelekea ukuta.

"Tugeukie."

"Naona haya, mheshimiwa."

"Sema hivyo hivyo. Kila Jumamosi asubuhi, nyuma ya jiko, huwa mnafanya nini wewe na mama huyu?"

"Tunafagia. Na kinachong'ang'ania, mama anakichomoa kwa mkono."

"Mnafagia nini?"

"Uchafu."

"Utaje kwa majina."

Ufagio ukasema polepole, kwa kuuambia ukuta, "Mnavu. Mchunga. Mchicha mwitu. Na mche wa boga, ule ulioota pale tunapomwaga maji ya kuoshea vyombo. Boga tumeling'oa mara sita."

"Saba," akasema yule boga wa baraghashia. Alikuwa amekaa nyuma yangu. Sikumwona alipoingia.

Nikawajibu kweli yangu. "Mimi ni mjane. Uwanja wa mjane ukiota majani, watu wanasema."

"Watu gani?"

"Majirani."

"Hao majirani wanakula kwako?"

"Hapana."

"Na wanaokula kwako, wanasemaje?"

Nikawatazama juu ya mkeka. "Wanasema wana njaa."

Hata kabichi alivua barakoa.

Maharage, yaliyokuwa benchi la mwisho, yakanyoosha mkono. "Mheshimiwa, kabla hujahukumu. Na sisi huyu mama anatutia motoni tukiwa wakavu. Atulaze majini tangu jioni, tutaiva upesi na kuni zake zitabaki. Ni hilo tu. Hatuna kinyongo."

"Limesikika," akasema mwiko. Akawageukia mchicha. "Nyinyi mliofukuzwa. Mkikaribishwa, mtarudi?"

"Mheshimiwa, sisi tunarudi kila mvua ikinyesha," mchicha ukajibu. "Hatujawahi kununa."

Mwiko akainuka. Akakoroga hewa mara tatu, nasi sote na mabenchi yetu tukazunguka sufuria nzima tukarudi mahali petu.

"Nyuma ya jiko, kutoka jiwe la kufulia mpaka kwenye ua, pasifagiliwe. Mbele ya nyumba fagia utakavyo, majirani nao wapate cha kusifu. Na kugawa watoto mafungu, ni mwiko. Nimesema mwiko, na mwiko ni mimi. Njooni mtie sahihi."

Wino ulikuwa mnavu ulioiva, ule mweusi wenye maji ya zambarau. Mimi nimemaliza darasa la saba, na mwandiko wangu mwalimu aliupenda, kwa hiyo nikaandika jina zima: Mwantumu binti Kaoneka. Shemeji naye akashika kalamu. Kalamu ikasema haimfahamu.

"Nimesoma kukuzidi wewe!" shemeji akaifokea.

"Sijakataa," kalamu ikasema. "Nimesema sikufahamu."

Basi akachovya dole gumba la kulia kwenye mnavu, akaligandamiza kwenye karatasi. Kidawa akaruka kutoka kwenye fungu, akaja kukaa mapajani mwangu. Alikuwa mzito, kama mtoto aliyeshiba.

Adhana ya alfajiri ikaniamsha.

Nilipotia udhu niliitazama mikono yangu kwa makini, kidole kwa kidole. Safi. Nikasema ndoto ni ndoto, na leo ni Jumamosi. Nikaswali, nikaomba nililoomba.

Kulipokucha nikachukua ufagio, nikaenda nyuma ya jiko. Mnavu ulikuwepo, kimo cha shubiri moja, umelowa umande. Mchicha mwitu upo. Mche wa boga umetoa majani mawili, mara ya nane hiyo. Nikaurudisha ufagio mahali pake, nikaleta ungo. Sikumng'oa mtu. Nilichuma majani tu.

Saa tatu shemeji Hoza akabisha hodi. Watoto walikuwa wamezunguka sinia la ndizi za kuchemsha na mnavu wa nazi, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Nikampakulia. Akala, akaongezwa, akamaliza.

"Shemeji, mnavu mtamu hivi umenunua wapi?"

"Sikununua. Ulikuja wenyewe."

"Hm." Akawatazama watoto mmoja mmoja, midomo inang'aa mafuta. Akakuna kichwa. "Ile habari ya kuwagawa... naona kama tulishaimaliza. Sijui tuliongea lini."

"Labda tuliongea," nikasema.

"Basi iishe hivyo. Waache walipo. Nipe maji ninawe."

Nikammiminia. Akasugua mkono wa kulia, akausugua tena, akaomba sabuni, akaomba jivu.

"Una nini, shemeji?"

"Hata sijui! Tangu nimeamka, halitoki." Akanionyesha dole gumba. Lilikuwa zambarau mpaka kwenye kiungo. "Mke wangu ananiuliza nimepiga kura wapi, na uchaguzi hakuna."

Nikamwambia angoje, nikamletee ndimu. Mndimu wenyewe uko nyuma ya jiko. Nilikwenda nimekunja kanga, nikipiga hatua ndefu ndefu, nisimkanyage mtu.