Wawili Waliozuiwa na Kivinjari

Asubuhi hiyo ukurasa wa miadi wa kliniki ulifunguka vizuri, rangi zake zote zipo, ila kitufe cha kuchagua siku kilikuwa kimekufa. Mpokeaji wageni alikibofya mpaka kidole kikamuuma. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mbele kabisa, mjamzito mmoja alikaa kwenye benchi akishika kiuno kwa mikono miwili.

Akaitwa fundi wa kompyuta. Kliniki nzima walimwita Bi Taratibu, maana hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.

"Ondoa ulinzi wote, mama," mkurugenzi alimwambia. "Watu wanangoja."

"Nyumba haibomolewi kwa sababu ufunguo umekwama," alisema Bi Taratibu, akavuta kiti.

Alisoma maandishi mekundu ya makosa. Kivinjari kilikuwa kimezuia skripti mbili, vijiprogramu vinavyouendesha ukurasa ule, kwa kuwa zilitoka mahali kisipopaamini. Alipoinua macho aliziona zote mbili zimekaa benchini: mzee mwenye shati lililopigwa pasi, na bwana mmoja mwenye mkoba. Mjamzito alikuwa amejisogeza kidogo kuwapa nafasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nafungua kalenda. Nimehamishwa nyumba juzijuzi, basi bawabu wenu hanitambui."

Bi Taratibu aliiandika anwani mpya ya mzee kwenye mipangilio ya usalama, hiyo moja tu. Mzee alijipangusa suruali, akaingia ndani ya kioo cha kompyuta, mguu wa kulia kwanza. Kitufe kikaitika.

"Na wewe, bwana?"

"Nabeba majina ya wagonjwa na maradhi yao, nawapelekea wauza dawa."

"Nani kakutuma?"

Bwana alimnyooshea kidole mkurugenzi. Mkurugenzi akatazama saa yake.

"Na langu umelibeba?" mjamzito aliuliza.

"Bado, dada. Nimezuiwa."

"Mruhusu na huyo," alisema mkurugenzi.

"Simruhusu."

"Hata nikikuagiza?"

"Agiza mwingine. Mkono huu haumfungulii."

Bi Taratibu alikunja nyaya zake moja moja, akaaga kila aliyekuwa kwenye foleni, akaondoka kwa mwendo wake uleule. Hakuitwa tena. Mpokeaji wageni huwasimulia wenzake kwamba hajapata kumsikia mtu akikataa kwa sauti ya chini kiasi kile, na bado ikasikika mpaka chumba cha sindano.

Kesho yake alikuja fundi mwingine, mwepesi wa mikono, akaondoa ulinzi wote. Tangu hapo bwana wa mkoba huingia kabla ya madaktari. Ana adabu. Akisalimia, watu humwitikia.

Mjamzito alijifungua salama. Alimleta mtoto kuandikishwa, na bwana wa mkoba alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mpokeaji wageni.

"Mtoto anaitwa nani?" mpokeaji wageni aliuliza.

"Ngoja kwanza huyu atoke."

"Hatoki, dada," alisema mpokeaji wageni. "Ameajiriwa."

Mama alimfunika mtoto vizuri, akaketi benchini kungoja.