Kiganja cha Vidole Vinne

Tegua kitendawili hiki, mpenzi msomaji: linakandwa na kuokwa kama mkate, lakini halina mlaji. Ni tofali!

Mji wa bandari wa Wismar, Ujerumani, umejengwa kwa matofali. Bibi Gesche alirudi huko kutalii na mjukuu wake Antje, asiyeamini kwamba bibi aliwahi kuyafyatua.

"Wewe na udongo, Bibi? Acha fiksi!"

Kanisani, kwenye ukuta uliojengwa upya, mwongoza watalii aliwaonyesha tofali lenye alama ya kiganja cha vidole vinne.

"Fundi aliyeridhika hubandika mkono kwenye tofali bichi. Huyu ni nani? Miaka yote nauliza."

Antje aligeuka, akamtazama bibi. Bibi Gesche akavua glavu, akaweka mkono juu ya alama. Ukaenea sawasawa, hata pengo la kidole.

"Ni mimi, mwanangu."