Harufu ya Boksi Lililonyeshewa

Katika karakana ya mapazia iliyojificha nyuma ya duka la viatu, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, alasiri, cherehani zilifunikwa, mikasi ikatundikwa, na meza ndefu ya kukatia vitambaa ikatandikwa bitana nyeupe pe. Bitana ile haikuwa pambo. Ukiinua bilauri ya mvinyo mbele ya weupe ule, rangi haina pa kujificha. Watu wanne waliizunguka meza, kila mmoja amekumbatia kichupa cha jamu, na hapakuwa na jamu katika kichupa hata kimoja.

Utaratibu huo waliubuni wenyewe. Kila mmoja alifungua chupa ya mvinyo nyumbani kwake, siku yoyote aliyopenda, akanywa na amtakaye, kisha uliobaki akaujaza kichupani hadi mdomoni ili hewa isipate nafasi ya kuuharibu, akauhifadhi kwenye friji. Jumapili ikifika, mwenye kichupa alisema kwanza: alichokiona, alichokisikia puani, alichokipata ulimini. Wengine wakafuata. Na siku zote aliyefunga mazungumzo alikuwa mwenye karakana, mwanamke mwembamba mwenye kuvaa utepe wa kupimia shingoni hata siku ya mapumziko. Walimwita Pua.

Jina hilo hakulipewa bure. Aliwahi kunusa kichupa cha fundi saa, akamwuliza kwa upole kama chupa ile ilikaa karibu na jiko la mafuta ya taa. Fundi saa, mzee mtaratibu ambaye hakuwa na desturi ya kushangaa, alibaki kinywa wazi, kwa sababu ndipo hasa ilipokuwa imekaa. Tangu siku hiyo neno la Pua likawa muhuri. Daktari wa meno, aliyependa kubishana na kila mtu kuhusu kila kitu, hakubishana naye. Hata wifi yake Pua, dada wa mumewe, mkutubi mwenye ulimi usiopiga hodi, alimwacha aseme mpaka mwisho, na hiyo ilikuwa heshima ambayo hakuwahi kumpa kaka yake mwenyewe.

Kisha yakaja mafua. Yalimlaza, yakamwinua, yakaondoka na kikohozi chake, lakini hayakumrudishia harufu. Kahawa ikawa maji ya moto yenye rangi. Sabuni ikawa utelezi tu. Jirani alipomletea kitoto chake kichanga akibebe, aliinama utosini, akavuta pumzi, asikute kitu. Akamrudisha mtoto kwa mama yake na kwenda kulia ghalani, katikati ya mabunda ya mahameli.

Mumewe aliligundua jambo hilo siku maharage yalipoungua naye amesimama kando ya sufuria. Mume huyo hakuonja mvinyo, na aliamini kwamba maji yote ya zabibu yana ladha moja, ila mengine yana vibandiko vizuri zaidi. Hata hivyo alimwambia jambo moja la maana, kwamba awaambie wenzake. Pua akakataa.

"Mimi ni mpima madirisha," alimjibu. "Mwezi mzima napima madirisha ya watu. Jumapili moja tu ndiyo ninakuwa kitu kingine. Nikishawaambia, nitakaa pale mezani kama nani?"

Mume alifungua dirisha ili moshi utoke.

Kwa muda, desturi ya kusema mwisho ilimsitiri. Alisubiri wenzake waseme, akaokota neno kwa huyu na neno kwa yule, akayaunga kama anavyounga mabaki ya kitambaa kuwa pazia zima, na mishono haikuonekana. Lakini kichupa chake mwenyewe alipaswa kukisemea wa kwanza. Mara moja alijitetea kwa wingi wa kazi, wakamwelewa. Mara ya pili asingeeleweka.

Akapiga moyo konde. Dukani alichagua mvinyo mwekundu ambao aliwahi kuufungua siku alipokabidhiwa karakana ile, na ambao kumbukumbu yake ilikuwa bado mbichi. Aliung'oa kizibo jikoni peke yake, akanywa bilauri moja bila kupata lolote zaidi ya ubaridi na ukakasi, akajaza kichupa. Kilichobaki kilikuwa kukumbuka vizuri.

Na alikumbuka vizuri mno. Jumapili ile aliinua bilauri mbele ya bitana, akaieleza rangi yake, na hapo hakusema uongo. Kisha akazamisha pua, akafumba macho, akawapa cheri zilizoiva kupita kiasi, karafuu iliyopondwa, na kwa nyuma, ngozi ya kiatu kipya, kama ile inayopenya ukutani kutoka duka la mbele. Hicho cha mwisho alikibuni papo hapo, kikampendeza.

Alimimina. Wakanusa. Fundi saa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akanusa tena, utadhani tatizo lilikuwa kwenye vioo.

"Cheri," alisema hatimaye. "Naam. Zipo."

Daktari wa meno alikunja uso kidogo, akaukunjua. Alikubali kwamba karafuu iko mbali, lakini ipo. Wifi alinusa mara mbili, akamtazama Pua, akaitazama bilauri, akamtazama tena Pua.

"Ngozi," alisema. "Ya kiatu. Ndiyo."

Pua akashusha pumzi. Yamepita. Daktari alianza kufungua kichupa chake, na Pua, kama ilivyokuwa kazi ya mwenye nyumba, akainuka kukusanya bilauri ili azisuuze kabla ya mvinyo mwingine. Hapo ndipo mikono yake ilipoelewa kabla ya kichwa chake. Bilauri zilikuwa nzito. Ile ya fundi saa, mtu ambaye huinamisha bilauri mpaka tone la mwisho kisha akachungulia ndani kama anayedai nyongeza, ilikuwa imejaa vilevile. Ya daktari imejaa. Ya wifi ilikuwa na alama ya rangi ya midomo ukingoni, na mvinyo haujapungua hata kidogo.

Alisimama karibu na karai, bilauri tatu mkononi. Angeweza kuzimwaga tu. Maji ya bomba yangechukua kila kitu, daktari angeendelea na kichupa chake, na hakuna ambaye angemwuliza chochote, leo wala kesho. Lakini aliwatazama pale mezani: watu watatu wazima, kila mmoja akijisugua pua kwa siri, kila mmoja akijishuku. Walikuwa wametupa ukweli wa pua zao ili wasitilie shaka ya kwake. Aliona kwamba kupoteza jina ni jambo dogo kuliko hilo.

Akazirudisha bilauri mezani.

"Daktari," alisema, "hukunywa."

Daktari alianza kueleza kwamba tumbo lake leo si zuri sana.

"Hapana. Sikilizeni. Mimi sisikii harufu yoyote. Tangu yale mafua. Cheri nilizitoa kichwani, na karafuu, na kiatu. Sasa niambieni kuna nini humu, maana wenye pua hapa ni nyinyi."

Daktari, kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mtu kwamba jino haliponi, akasema:

"Boksi lililonyeshewa."

"Boksi?" wifi akadakia. "Boksi lina nafuu. Hilo ni tambara la deki lililosahaulika ndooni."

Fundi saa aliegemea kiti kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alikiri kwamba alikwisha amini kuwa pua yake ndiyo inayokufa, na kwamba wakati wote ule alikuwa akitafuta namna ya kuaga mapema apitie hospitali. Daktari naye akakiri kwamba alidhani ni dawa za kliniki zimemganda puani. Waliinusa tena ile bilauri, safari hii kwa raha ya watu waliorudishiwa mali yao, wakakubaliana kwamba ni kizibo: kuvu hukaa kwenye gome la mti lililochongwa kizibo, mvinyo ukalala nalo, ukaharibika bila kosa la mtu. Hutokea kwa chupa ya yeyote. Ila kumsikia mtu akikusifia cheri ndani ya tambara la deki, alisema wifi, hakutokei kila siku. Wakacheka mpaka mbavu zikawauma, na Pua akacheka nao, kisha kicheko chake kikageuka kilio.

Wifi ndiye aliyemwuliza kwa nini hakusema.

"Mnaniita Pua, wifi."

"Tungekuitaje? Jina la Mdomo ninalo mimi." Kisha akamshika mkono juu ya bitana, akaubana. "Kaa. Kiti ni chako wewe. Hatukukipa pua yako."

Akakaa.

Yaliyofuata yalikuwa kazi, na wote walikuwa watu wa kazi. Daktari alieleza, bila kuahidi chochote, kwamba mishipa ya harufu ikijeruhiwa huweza kuota upya, polepole, na kwamba huamshwa kwa mazoezi: unanusa vitu vichache vile vile kila asubuhi, ukijitahidi kukumbuka kila kimoja kilivyokuwa. Wifi akaleta vikopo vinne vyenye karafuu, kahawa, ganda la limau na majani ya mkaratusi, kila kimoja kimebandikwa lebo kwa unadhifu wa maktaba. Fundi saa aliomba mvinyo ule uliobaki kichupani usimwagwe.

"Saa iliyosimama huwa siitupi kabla sijaifungua," alisema. "Kiweke. Kitakufaa kwa kitu fulani."

Kikawekwa rafuni, kati ya bobini na pini.

Utaratibu wa mezani nao wakaubadilisha. Kuanzia hapo Pua alisema wa kwanza, kichupa kiwe cha yeyote, na alisema vile alivyovipata kwa jicho na ulimi tu: rangi inavyofifia ukingoni, uzito, uchachu unavyoamsha mate pembeni mwa ulimi, ukakasi unavyokausha ufizi, joto linavyoshuka kifuani. Kuhusu harufu, kila mtu alijitegemea. Mwanzoni walibabaika kama watoto walionyang'anywa mkono wa kushika. Kisha daktari akamkatalia fundi saa waziwazi, fundi saa akamkatalia daktari, na wifi akawakatalia wote wawili. Ikabainika kwamba mzee wa saa, ambaye kwa miaka alikubali kwamba mvinyo mwekundu ndio mvinyo, alipenda mweupe tangu zamani na hakuthubutu kusema. Pua alisikiliza haya yote, akatambua kwamba ulimi wake, uliokuwa umekaa nyuma ya pua kama mdogo wa mtu maarufu, ulikuwa na mengi ya kusema.

Asubuhi zilikuwa ngumu zaidi. Kabla ya kufungua mlango wa karakana alikaa kwenye kigoda na vikopo vyake, akavuta pumzi juu ya karafuu, hakuna, kahawa, hakuna, limau, hakuna, mkaratusi, baridi kidogo tu, ambayo ilikuwa ya ngozi ya pua wala si harufu. Mumewe, akipita na kikombe chake, alizoea kutouliza. Mwisho wa yote alifungua kile kichupa kibovu, kwa sababu kilikuwepo na kwa sababu mzee alisema kingemfaa. Nacho, hakuna.

Msimu ukageuka. Asubuhi moja ya mvua, wakati mashuka ya bitana yalikuwa yamegoma kukauka, alivimaliza vikopo vinne bila faida, akafungua kichupa kile kwa mazoea, akili yake ikiwa kwenye oda ya mapazia ya hoteli. Uso wake ukajikunja wenyewe. Aliuvuta nyuma. Kisha akaurudisha taratibu, kama mtu anayeogopa kumfukuza ndege. Ilikuwa nyembamba kama uzi, ilikuwepo, ikapotea, ikarudi: unyevu, karatasi nzito iliyolowa, pembe ya ghala isiyofikiwa na jua.

Ilikuwa harufu mbaya. Aliinusa mpaka machozi yakamlengalenga.

Alimwita mumewe, akampa kichupa bila neno. Mume akanusa, akatoa uso upesi, akauliza ni kitu gani hiki kimekufa humu. Naye akamkumbatia papo hapo, utepe wa kupimia ukiwa katikati yao.

Jumapili ilipowadia, hakuwaambia. Alingoja zamu yake, akatoa kichupa kilichofungwa kitambaa, akamimina kidogo kidogo, akainua bilauri mbele ya bitana. Wenzake walitegemea rangi na ulimi. Aliieleza rangi. Kisha akashusha pua ndani ya bilauri, akakaa hapo kwa muda, na fundi saa akaacha kuchezea miwani yake.

"Karatasi iliyolowa," alisema Pua. "Boksi. Limenyeshewa. Iko mbali sana, na nikirudia mara tatu inakimbia. Karafuu bado. Limau bado. Lakini hii ninaisikia. Sasa nataka kila mtu aniambie kweli tupu, nisije nikawa naitoa kichwani tena."

Bilauri zikazunguka. Daktari alinusa kwa makini ya kidaktari, akatikisa kichwa kukubali. Fundi saa alinusa, akanywa kabisa, akakunja uso, akanywa tena. Zamu ikamfikia wifi. Alinusa. Akanusa tena. Akaiweka bilauri mezani kwa taadhima kubwa.

"Mimi," alisema, "nasikia cheri. Zilizoiva kupita kiasi. Na kwa mbali, ngozi ya kiatu."

Pua akamtazama, akaivuta ile bilauri, akanusa kwa mara nyingine, polepole, akiwa na hakika inayozidi kukua.

"Wifi," alisema, "muongo wewe."