Zulia la Beryl Ormerod

Beryl Ormerod alikuwa jikoni kwake Ealing, pembeni mwa London, akimenya viazi wakati zulia jekundu lilipoingia kwa mlango wa mbele. Lilikuwa limetoka lenyewe Leicester Square, katikati ya mji kunakozinduliwa filamu, likapita mtaa wa Shepherd's Bush, likangoja taa za barabarani kama watu wengine. Tarishi wa posta alibeba baiskeli yake akaliruka, akaendelea na barua zake.

Clive, mumewe, alikuwa sebuleni akifunga tai. Filamu yake mpya ilikuwa inazinduliwa jioni hiyo, na magazeti yalikuwa yameshamsifu kuwa ndiye mtayarishaji mwenye pua ya kunusa hadithi nzuri. Pua yenyewe, tusidanganyane, ilikuwa ya Beryl. Miswada ilifika nyumbani marundo kwa marundo, na Clive hakuwahi kumaliza hata mmoja. Kila mswada alimpa mkewe pamoja na kikombe cha chai, kisha akakaa kando kumtazama. Beryl akinywa chai yote, mswada unatupwa. Chai ikipoa hajaigusa, Clive anakimbilia simu kuununua. Hivyo ndivyo alivyopata jina, na jina la Beryl halikuwahi kupita kwenye skrini hata kwa herufi za sisimizi.

"Karibu, karibu!" Clive aliliambia zulia, akatanguliza kiatu.

Zulia likamkwepa. Likakata kona ya ngazi, likaingia jikoni, likajilaza miguuni pa Beryl.

"Limepotea njia," Clive alisema.

"Limepotea wapi? Limefika!" Beryl alikuwa ameshatupa kisu. Jamani, leo ni leo! "Ningoje nivae lile gauni la kijani. Na leo uwaambie, Clive. Uwaambie anayesoma ni nani."

"Nitawaambia, mke wangu. Haki ya Mungu."

Zulia likaanza kujivuta kurudi mjini, nao wamesimama juu yake. Majirani walipiga makofi madirishani.

"Kaa kushoto, bibie!" dereva wa basi alimpigia kelele.

"Nimekaa!" Beryl alijibu, akacheka njia nzima. Hajapata kufurahi namna ile tangu azaliwe.

Leicester Square wapiga picha walikuwa wamejazana. "Clive! Tazama huku, Clive!" Kisha mmoja akasema, "Mama, samahani, tupishe kidogo. Tunamtaka mwenye filamu."

Beryl alimgeukia mumewe. Nafasi ndiyo hiyo. Clive alifungua mdomo, kamera zikamulika, akatabasamu.

"Sogea kidogo tu, mpenzi," alisema.

Beryl akasogea. Zulia nalo likasogea, lote, mpaka kwenye mapipa ya taka. Clive akabaki kwenye mawe matupu yenye maji ya mvua, akipunga mkono. Mwandishi mmoja alimuuliza hadithi tamu kama hii aliipataje.

"Nainusa tu," alijibu.

Kesho yake picha ilitoka ukurasa wa kwanza: Clive peke yake, viatu vimelowa, meno yote nje. Hakuna msomaji aliyeuliza zulia lilikuwa wapi.