Madumu Mawili ya Njano

Habari ya kifo cha baba ilinikuta namenya ndizi, nikaendelea kumenya. Anastazi, mdogo wangu, alilia kwenye simu mpaka nikaiweka chini ili nimalize kazi. Nilipoishika tena akasema, "Dada, tunazika kesho saa nane mchana." Nikamjibu sawa. Ndizi zikaiva, tukala, nikalala fofofo. Asije mtu akasema eti nilijikaza. Sikujikaza hata kidogo. Hakukuwa na kitu cha kukikaza.

Mimi Verdiana si mtu wa kuzungukazunguka, kwa hiyo nalisema lilivyo. Miaka kumi na moja nilikuwa sijakanyaga kwa baba. Alipogawa kibanja, shamba letu la nyumbani, migomba na kahawa yote iliwaangukia wanaume. Mimi niliyemwuguza mama miaka miwili, mimi niliyeipalilia kahawa ile mpaka kucha zikang'oka, sikupata hata shina moja. Nikasimama mbele ya wazee wa ukoo, kidole nimemnyooshea. "Mzee Protase," nikamwambia, "hapa nitarudi siku ya kukuzika. Siku hiyo nitakuja, nakuapia." Hata Tata sikumwita, na sisi Wanyambo baba ni Tata mpaka anaingia kaburini. Nilimwita Mzee Protase, kama jirani. Wazee wakashika midomo. Yeye alinitazama tu, halafu akaenda kuwafunga mbuzi wake.

Basi siku yenyewe ndiyo hiyo. Nilichotaka kilikuwa kimoja: nifike kabla hajafukiwa, nimwone anashuka, neno langu liwe limetimia, nirudi kwangu Kibingo nikapike.

Barabara ya kwenda upande wa Rugera, kwa baba, ilikuwa imekatika. Mvua ilikuwa imesomba kalavati, hata pikipiki haikupita. Ikabidi nivuke ziwa kwa boti ya Niyomugabo, baba wa watoto wanne ambaye mama yake alikuja huku kutoka Rwanda akiwa na mimba yake. Huvusha ndizi, watu, mbuzi, chochote kisichopiga teke sana.

"Shikamoo mama. Pole na msiba."

"Marahaba. Tutafika saa ngapi?"

"Sasa hivi saa nne. Saa sita hatujafika, niite mwongo. Ila upepo unatoka mbele, itabidi tuongeze mafuta njiani."

Kwetu binti aliyeolewa haingii msibani kwa baba yake mikono mitupu. Huenda na rubisi, pombe yetu ya ndizi, wachimba kaburi wapate cha kunywa. Nilikuwa na dumu la lita kumi, la njano, lile lililokuja na mafuta ya kula. Mdomoni nimelisokotea majani makavu ya mgomba, kwa sababu rubisi ukiibana sana inaumuka na kupasua dumu. Niyomugabo naye alikuwa na dumu lake la petroli, la njano vilevile. Kifuniko chake kilipotea zamani, na yeye akaziba kwa majani ya mgomba. Nani kwetu asiyeziba hivyo? Akayaweka yote miguuni pangu.

"La kulia ndilo la mafuta, mama."

"Nimesikia."

Na kweli nilisikia. Tulipofika katikati mawimbi yakaanza kutupiga ubavuni, naye hakuweza kuachia usukani. Akapunguza mwendo, akapaza sauti bila kugeuka, "Mama, nisaidie kumimina kwenye tangi!" Tangi lilikuwa kando yangu, jekundu, lina mpira unaopeleka mafuta kwenye mashine. Nikachukua chupa iliyokatwa kitako, nikaipachika mdomoni mwa tangi, nikamimina.

Niliona povu. Nisiwadanganye, niliona kabisa. Kitu cha kahawia, kizito, kinashuka kwa povu. Na harufu ya rubisi mimi naijua tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Pua haikuniambia neno. Nikalitazama povu kama unavyotazama mbuzi wa jirani akipita barabarani. Nikaziba dumu, nikakaa zangu.

Mashine ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Niyomugabo alivuta kamba mpaka jasho likamtoka. Kisha akafungua tangi, akainamisha uso, akauinua taratibu.

"Yesu wangu! Mama, umeinywesha mashine pombe!"

"Basi na yenyewe iko msibani," nikasema.

Alicheka, akakumbuka ninakokwenda, akajiziba mdomo kwa kiganja. Mimi sikucheka wala sikuona haya. Nilijua nimekosa, kama vile unavyojua leo ni Alhamisi.

"Rubisi ina sukari," akasema. "Ikikauka humu ndani, tumekwisha. Shika kasia, mama. Upepo unatusukuma kwenye mafunjo, na kule ndiko viboko wanakolala."

Kasia lilikuwa moja tu. Nikapiga maji kulia, nikapiga kushoto. Yeye akalimwaga tangi lote ziwani (samaki wa siku ile walilewa), akalisuuza kwa petroli kidogo kutoka dumu la kulia. Mpira akaupuliza kwa mdomo, akatema, akapuliza tena. Akachukua spana akafungua kabureta, akaikung'uta. Plagi zilitoka zimeloa na kunata. Akaangaza macho akitafuta kitambaa. Nikavua kitenge cha begani, kile nilichonunua kwa ajili ya msiba, nikamrushia.

"Mama, hiki ni kipya."

"Nimekuuliza?"

Akafuta. Karibu na mafunjo maji yakafura, kiboko akatoa kichwa, akapuliza pua kwa kishindo. Niyomugabo akaganda, spana mkononi. Mimi nikaendelea kupiga kasia lilelile, kulia, kushoto, tukampita. Alipozama Niyomugabo akaninong'oneza, "Mama, wewe huogopi?"

"Sijui," nikamjibu, na sikuwa namringia.

Saa nane kasoro robo simu ikapata mtandao. Ni Anastazi.

"Dada, uko wapi? Katekista ameshavaa. Jeneza liko nje."

"Niko majini. Mashine imekufa. Msinisubiri."

"Lakini dada…"

"Zikeni! Mtu akifa anazikwa. Mnataka aoze kwa sababu yangu?"

Mtandao ukakatika. Kwa hiyo neno langu mwenyewe nimelivunja, nikawaza, na sikuumia. Miaka kumi na moja nimelibeba, na rubisi yangu mwenyewe ndiyo iliyolizamisha. Niyomugabo alikuwa ananitazama.

"Mama, ni baba yako yule."

"Wewe vuta kamba."

Hakuvuta. Alikuwa anasugua plagi kwa pindo la kitenge, polepole, kama anamfuta mtoto uso. "Wa kwangu sijui alikozikwa," akasema. "Nilikuwa tumboni. Hata upande wa kugeukia nikisali siujui." Kisha akanipa plagi ya pili. "Sugua hiyo. Mpaka ing'ae."

Sijui kwa nini nilimtii, mimi ambaye huwa simtii mtu. Nikaweka kasia chini, nikasugua. Nikaimwagia petroli, nikasugua, nikaipuliza, nikasugua tena mpaka vidole vikaungua. Tulirudia mara nne. Kabureta ikafunguliwa tena, ikaoshwa tena. Petroli ikawa inapungua kwenye dumu, naye akawa analipima kwa macho na kuguna. Boti iliingia kwenye mafunjo, nikaichomoa, ikaingia tena.

"Hii ndiyo ya mwisho," akasema. "Ikikataa, tutapiga kasia mpaka kesho." Akavuta. Ikakohoa. Akavuta. Ikapiga kelele ya ajabu, ikatoa moshi mweupe wenye harufu ya ndizi za kuungua, alivyosema yeye, mimi sikunusa. Ikawaka. Ilikuwa inachechemea, ila ilikuwa inakwenda. Saa yangu ilisema saa tisa na nusu.

"Turudi Kibingo, mama? Maana huko wameshazika."

Ningeweza kusema ndiyo. Jikoni kwangu kulikuwa na kazi. "Twende," nikasema. "Rubisi iliyobaki ni ya wachimba kaburi."

Tulifika ng'ambo saa kumi na moja kasoro robo. Niyomugabo alibeba dumu begani, nikatangulia kupanda katikati ya migomba. Ile njia miguu yangu iliijua yenyewe. Nilikuwa nimeshaandaa maneno: poleni, nimechelewa, mashine, haya kwaherini.

Kiwanjani watu walikuwa wamekaa kwenye majani, wamechoka, hakuna hata anayelia. Katekista anasinzia kwenye kiti. Watoto wamelala juu ya mapaja ya mama zao. Na kule kwenye migomba, kando ya kaburi la mama, shimo lilikuwa wazi. Jeneza lilikuwa juu ya mabenchi mawili, limefunikwa shuka jeupe.

Anastazi akainuka akaja, macho mekundu.

"Si nilikwambia mzike?" nikamkaripia. "Saa tatu nzima mnamweka mtu juani! Nyie mna akili kweli?"

"Sisi tulitaka kuzika, dada. Katekista ameinuka mara mbili."

"Sasa?"

"Tata alikataza." Akameza mate. "Wiki iliyopita alituita wote. Akasema, msinifukie kabla Verdiana hajafika. Nikamwambia, Tata, Verdiana haji, miaka yote hii hajapiga hata simu. Akasema atakuja. Akasema, 'Aliniahidi mbele ya wazee.'"

Nikampita, nikaenda kusimama kando ya shimo.

Wakalishusha jeneza kwa kamba. Katekista akasoma, sikusikia alichosoma. Kisha wote wakageuka kunitazama, kwa kuwa udongo wa kwanza nyumbani kwetu hutupwa na mtoto mkubwa, na mtoto mkubwa ni mimi. Nikapiga magoti, nikachota. Nilipouinua mkono, ukapita karibu na uso wangu.

Ulinuka petroli. Ulinuka petroli na rubisi, vyote kwa pamoja, vikali mpaka machozi yakanijaa, na nyuma yake nikanusa udongo wenyewe, udongo wa kibanja chetu baada ya mvua, ule baba alionifundishia kushika jembe. Niliumia kila mahali kwa wakati mmoja.

"Tata," nikaita. "Tata, nimekuja."

Udongo ukaniponyoka. Anastazi akanishika mkono uleule wenye petroli, akanivuta nyuma, maana nilikuwa nainamia shimoni.