Mstari Usiokunjika

Wateja walimwita Mzee Chaki, kwa kuwa kipande cha chaki hakikumtoka sikioni hata siku ya mapumziko. Katika karakana ile ya ushonaji yeye ndiye aliyekuwa mkataji. Mwanawe alishona, mkwewe akaweka vifungo na kupiga pasi, lakini mkasi mkubwa haukuguswa na mtu mwingine.

Wiki hiyo mkasi ulianza vituko. Mashati manne yalikatwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto ulibaki mezani, umechorwa vizuri tangu wiki iliyotangulia lakini haujakatwa. Mzee alipoulizwa alisema kazi amemaliza, tena kwa sauti ya mtu anayesingiziwa. Mwanawe alimpeleka kupimwa macho, wakarudi na miwani mipya, na shati la tano likatoka vilevile. Basi mwana akaona uzee umeshabisha hodi. Alimwambia mkewe kwamba Jumatatu mkasi atauchukua yeye, na aliyasema hayo akitazama pembeni, maana yalimuuma.

Mkewe alikuwa na lake. Siku mbili mfululizo baba mkwe alilalamika kwamba anapunjwa chakula, na mchana huo, alipokwenda kuondoa vyombo, alikuta nusu ya chakula ipo palepale, upande wa kushoto wa sahani, imekatika kama iliyopigwa rula. Aliigeuza sahani. Mzee akaitazama, akacheka kidogo.

"Kumbe ulikuwa umekificha," akasema, akala chote.

Hapo ndipo mkwe alipokumbuka somo la saba. Kwa miezi mitatu alikuwa akifuata masomo ya bure ya mtandaoni kuhusu mwili na ubongo. Kila Jumamosi alipita maktaba, ambako mtandao haulipiwi, akapakua vipindi vya wiki nzima, kisha akavisikiliza akiweka vifungo, daftari likiwa karibu na bakuli la sindano. Katika somo la saba mwalimu alieleza kwamba kiharusi, hata kidogo, kikipiga upande wa kulia wa ubongo, kinaweza kumfanya mtu aache kuujali upande wake wa kushoto. Macho huwa mazima. Akili ndiyo haigeuki huko. Na mwenyewe hajui kama kuna kinachokosekana.

Tatizo, nyumbani walikuwa wameshamchoka. Mwezi wa kwanza wa masomo alimkuta mumewe na maradhi ya moyo, yaliyokuja kugundulika kuwa mkanda uliobana. Wifi yake alimkuta na upungufu wa damu, kumbe alikuwa amechoka tu kumsikiliza. Tangu hapo wakamwita Daktari wa Simu, naye akajiwekea sharti: asitaje ugonjwa wa mtu kabla hajatafuta kwanza pale anapoweza kuwa amekosea.

Jaribio la somo la saba lilikuwa jepesi. Mtu huonyeshwa mstari, akaambiwa aweke alama katikati. Mkwe alichukua utepe mrefu wa kitambaa, akautandaza mezani, akamwomba mzee kwa adabu zote amwekee alama katikati.

Mzee akauinua, akaukunja ncha kwa ncha, akaubana kwa ukucha, akaweka nukta. Katikati kamili.

Mumewe alikuwa akitazama kutoka kwenye cherehani. "Amepona, Daktari?" akauliza.

Aibu ikampanda mkwe. Alirudi kwenye kiti chake, akashika sindano, akaiacha. Utepe ulikuwa bado mezani, na lile kunyanzi la katikati. Akautazama kwa muda. Vidole vile vimekunja vitambaa miaka hamsini, akawaza. Vimejibu vyenyewe, macho hayakuulizwa kitu.

Akainuka, akaomba chaki, akachora mstari mrefu juu ya mbao za meza, kutoka upande hadi upande. Meza haikunjiki.

"Na huu, baba."

Mzee akatabasamu kama anayembembeleza mtoto, akaweka nukta bila kusita. Ilikuwa mbali kulia, imebakiza shibiri moja tu kufika mwisho. Cherehani ikanyamaza.

Mkwe alikishika kiganja cha mzee, akakiweka kwenye nukta, akamwacha apime mwenyewe. Kwenda kulia, shibiri moja. Kisha akakiongoza kwenda kushoto: moja, mbili, tatu, nne. Mzee akasimama pale mkono ulipofika.

"Nani kaisogeza?"

"Haijasogezwa, baba."

"Mimi nimeweka katikati."

"Najua."

Akamweleza lile somo, polepole, bila kuongeza chumvi. Alikiri kwamba yeye si daktari na kwamba amewahi kukosea, tena sana. Ila kama safari hii hajakosea, jambo lenyewe si la kungoja hata kesho, kwa sababu kiharusi cha pili huweza kufuata, na kikawa kikubwa. Mumewe akaanza kusema kwamba Jumatatu wangeona, lakini baba yake alimnyamazisha kwa kiganja. Alikuwa akiwaza kwa nguvu zote, kama mtu aliyeletewa kitambaa asichowahi kukishika.

"Kwa hiyo hapa nilipo," akamwuliza mkwewe, "kuna vitu sivioni, na sijui kama sivioni?"

"Huenda, baba."

Mzee akaanza kugeuza shingo kushoto, kidogo kidogo, kama anayechungulia dirisha la jirani, mpaka akafika kwenye rundo la mikono ya mashati ambayo haikukatwa. Akaihesabu kwa midomo, mmoja mmoja. Akarudisha shingo, akageuka tena, akaikuta bado ipo.

"Ajabu hii," akasema taratibu. Kisha akamgeukia mwanawe. "Nenda katafute gari la kutupeleka hospitali. Na wewe, mwanangu, niletee viatu. Uhakikishe ni viwili, maana hicho cha kushoto naweza kukiacha hapa na nikaapa nimekivaa."