Kisichoazimwa

"Shika hapo, shemeji, usije ukaniangushia fizikia yote kichwani."

Mkutubi alishika. Mdogo wa mumewe, fundi seremala, alikuwa amepiga magoti chini ya rafu akilegeza skrubu. Mkutubi alikuwa akitoa vitabu kimoja kimoja na kutazama karatasi ya mihuri iliyobandikwa nyuma. Kilichoazimwa karibuni kilibaki. Kisichoazimwa kwa miaka kiliingia boksini, kwenda ghalani. Mkuu wa maktaba ya chuo alitaka nafasi ya meza, na hakukosea: wanafunzi walikuwa wakisomea kwenye ngazi.

"Si vitapatikana tu huko ghalani?" fundi aliuliza.

"Ukijua jina la kitabu, utaletewa. Lakini wewe umewahi kuingia dukani kutafuta misumari ukatoka na misumari peke yake?"

"Mke wangu asikusikie."

Fundi alisimama kujinyoosha, akachomoa boksini kitabu cha madaraja. Akafungua ukurasa. Akafungua mwingine.

"Shemeji, nimekuita usome?"

"Hiki mnakizika kikiwa hai. Kimelegea kama ndala ya bafuni."

Mkutubi alikipokea. Muhuri hakuna, hata mmoja. Akachukua kingine: nyuma safi, ndani kona zimekunjwakunjwa. Ndipo macho yakamwangukia tangazo alilobandika mwenyewe kwenye kila rafu: UKIMALIZA KUSOMA, RUDISHA KITABU MAHALI PAKE. Watu walitii. Walipitapita, wakasoma wamesimama, wakarudisha, na hakuna aliyejua.

"Nimewafundisha adabu mpaka nimejiponza," alisema, akicheka.

Akampigia mkuu simu. Mkuu aliguna, kisha akampa wiki moja: watu waache mezani vitabu walivyosoma, vipigwe muhuri, halafu rafu ihukumiwe. Lakini meza mbili ziingie sasa hivi. Haikuwa dhuluma. Miongozo ya mashine zisizotengenezwa tena, iliyojaa vumbi, ilikwenda ghalani bila machozi, na meza zikapata pa kukaa.

"Nimeitwa kufungua, sasa nakaza," fundi alilalamika, bisibisi mkononi. "Ofisi zenu hizi!"

Mkutubi alikuwa akibandua matangazo kwa kucha. Gundi ilikuwa imeng'ang'ania. Karatasi ilitoka vipande vipande. Walipofika rafu za kemia, mlinzi akaanza kuzima taa.

"Tuache," alisema, akipuliza vidole. "Kesho nitakuja na maji ya moto, nianzie hapa."